Kumi na Sita wa Bingwa

Wewe unayesoma, usijifanye hukuwepo. Ulikuwa bandani kwa Bingwa, yule muuza nguruwe, siku ile, au kwenye banda jingine kama lile. Uliona, ukageuza shingo kwa sababu mtu mzima alikuwa anaongea. Mimi sisahau.

Kila asubuhi kabla ya shule, msichana tuliyemwita Chiriku alikoroga pumba, akafagia banda, akamnywesha nguruwe wa shangazi yake. Nguruwe huyo alizaa watoto tisa, akalea tisa, kila mara. Sare na madaftari ya Chiriku vilitoka kwa hao tisa. Lakini shangazi alishawachoka.

"Leo namtoa," alisema. "Bingwa atamchukua, anipe binti wa jike lake linalozaa kumi na sita. Uzazi uko kwenye damu, mwanangu."

Chiriku alinuna njia nzima.

Kwa Bingwa watu walijazana. Jike kubwa lililala ubavu, watoto wakigombania chuchu.

"Kumi na sita!" Bingwa alitamba. "Wote wamezaliwa alfajiri ya leo. Nani mwingine ana mbegu hii?"

Watu wakapiga makofi. Chumba cha pili, nguruwe mwingine aligonga mbao kwa pua, akikoroma bila kukoma. Walimsikia wote. Hakuna aliyegeuka.

Chiriku akachuchumaa. Alishapokea watoto wa nguruwe kwao, na alijua kitovu cha mtoto wa leo: kibichi, kinaning'inia. Kumi walikuwa hivyo. Sita vitovu vyao vilikuwa vimeshakauka na kudondoka.

"Shikamoo, mjomba. Mbona hawa sita hawana vitovu?"

"Marahaba. Mbegu bora hukauka haraka." Watu wakacheka.

"Na yule anayegonga mbao?"

"Ana njaa tu. Mama, huyu mtoto umemlisha redio?"

Shangazi hakucheka. Alichungulia chumba cha pili: chuchu zimejaa maziwa, mtoto hata mmoja hayupo. Akavuta komeo.

"Chiriku, walete hao sita."

"We mama, usiguse mali ya watu!" Bingwa alifoka, lakini Chiriku alishaanza kuwabeba. Nguruwe akalala palepale. Wale sita wakamwendea, kila mmoja akashika chuchu yake bila ugomvi, kama mtu anayeingia chumbani kwake.

"Wote ni wangu!" Bingwa alisema.

"Ni wako, ndiyo," mchinjaji mmoja akajibu kutoka kwenye umati. "Ila hawa sita si wa mama yule."

Njiani shangazi alimshika Chiriku mkono. "Nusura nimtoe mama ninayemjua, kisa sifa za mdomoni. Mbegu haichaguliwi kwa siku moja, mwanangu. Hata uzao mkubwa wa kweli unaweza kuwa bahati, au chakula kizuri. Tazama uzao baada ya uzao: amezaa wangapi, na wangapi wamefika kuachishwa kunyonya. Ndipo uchague mabinti zake wenye chuchu za kutosha. Sisi tutaanza na wa kwetu. Na wewe, ukiona jambo halikai sawa, uliza. Kwa adabu, lakini uliza."

Bingwa hajafunga banda. Kesho atawaita wengine, na labda mmoja wao ni baba yako. Kwa hiyo inuka sasa hivi, mwendee kabla hajatoka, umuulize: mama wa huyo nguruwe unayemnunua amelea wangapi, na nani aliwaona? Asipojua, mshike mkono asiende.