Babu Hakuulizwa

Siku ya Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024, msichana mmoja wa darasa la sita alirudi kutoka shuleni kwa haraka ya mtu anayekimbizwa na mvua. Alivua viatu bila kufungua kamba, akasuuza chombo chake cha chakula, akafua soksi, kisha akamfutia babu yake miwani kama alivyofanya kila alasiri. Kazi hizo kwa kawaida zilimchukua saa nzima. Siku hiyo zilikwisha kabla maji ya chai hayajachemka, na soksi zilianikwa zikiwa bado na povu.

Nyumbani alijulikana kwa jina la Cherehani. Babu ndiye aliyelibuni, kwa sababu binti huyo akiketi, mguu wake wa kulia haukomi kupanda na kushuka chini ya meza, kama wa fundi aliyeahidi nguo za harusi asubuhi ya kesho.

"Leo unamshonea nani?" Babu alimtania.

"Fundi wa intaneti anakuja, Babu," alijibu, akiwa ameinama karibu na sikio lake la kushoto.

La kulia lilikuwa limekufa kabisa. Babu alipasua mawe machimboni kwa miaka ishirini na minane, na baruti ilimwachia sikio moja tu, nalo zito, pamoja na tabia ya kutazama midomo ya watu wanaposema.

Fundi alifika na waya begani, akachomoa waya wa king'amuzi, na mahali pake akafunga kisanduku chenye taa za kijani karibu na televisheni. Aliwaeleza kwamba kwa siku saba wangetazama filamu na vipindi vya intaneti bila malipo. Baada ya hapo wangelipia kila mwezi, au wajitoe kabla Jumapili haijaisha.

Mama alikuwa amevaa sare tayari. Alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha ndoo za plastiki, na wiki hiyo zamu yake ilianza saa kumi na moja jioni. Alisubiri fundi aondoke, kisha akafungua daftari jipya.

"Sikiliza, mwanangu. King'amuzi tunakilipia kila mwezi, na hii nayo inataka kulipiwa kila mwezi. Mbili hatuziwezi. Jirani yetu msusi anakihitaji king'amuzi kwa ajili ya saluni yake. Hii ikifaa, Jumapili atakuja kukichukua. Isipofaa, itarudi ilikotoka."

Alichora mistari kwa rula: siku, picha, sauti, vipindi, maoni ya Babu, maoni ya Cherehani.

"Mimi nitakuwa kazini, sitaona kitu. Kwa hiyo mkaguzi wa nyumba ni wewe. Kila jioni keti na Babu, mwonyeshe, muulize, kisha uandike anavyosema yeye. Si unavyotaka wewe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

Mguu ulikuwa umeshaanza kushona.

Ukweli ni kwamba Cherehani alitaka kitu kimoja tu: tamthilia ya wapiga mbizi wanaotafuta lulu. Tangu muhula ulipoanza, rafiki aliyeketi naye dawati moja, ambaye darasa zima lilimwita Redio, alikuwa akiisimulia kila asubuhi bila kumeza mate. Kila Cherehani alipomwomba amalizie kisa, Redio alibetua midomo.

"Nitakumalizia vingapi? Wewe rudi kwenu ukahesabu chenga kwenye televisheni."

Cherehani hakuyasahau maneno hayo.

Jioni ile ya kwanza alitazama sehemu mbili mfululizo. Ilipofika saa moja kamili, Babu alivuta kiti chake karibu na televisheni, kama alivyozoea. Hakuhitaji kumsikia msomaji wa habari. Alisoma maandishi yaliyopita chini ya picha, na aliyoyasoma aliyatangaza mpaka kwa majirani: daraja lililofungwa, chanjo ya mifugo, bei ya mahindi.

"Habari bado?" aliuliza.

Cherehani alitafuta. Filamu zilikuwa za kumwaga, lakini habari za nchini hazikuwapo. Akatafuta maandishi ya tafsiri ya kuweka chini ya filamu. Lugha zilikuwa kumi na moja, na hakuna hata moja ambayo Babu aliijua.

"Leo tunajaribu, Babu," alisema.

"Haya, tujaribu." Babu alikunja mikono, akatazama samaki na watu wenye mitungi mgongoni mpaka alipokwenda kulala.

Katika nafasi ya maoni ya Babu, Cherehani aliandika: Ameridhika. Alijiambia kwamba si uongo, maana mzee hakusema kwamba hapendi. Lakini pia hakumuuliza, na hilo alilijua.

Jumanne, mtaa mzima ulipokuwa umerudi kutoka kazini, picha iliganda. Duara dogo lilizunguka katikati ya kioo, likazunguka tena, mpiga mbizi akabaki ameachama kama aliyeona deni. Cherehani akaandika: Picha safi. Jumatano, saa moja ilipofika, Babu hakuvuta kiti. Alitoka, akaketi kizingitini akitazama ukuta wa jirani.

"Huingii, Babu?"

"Ndani kuna joto."

Joto halikuwapo. Cherehani aliandika: Ameridhika. Kisha, kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi na neno hilo lilimchoma kila alipoliandika, aliona heri alimalize mara moja. Akajaza nafasi ya Alhamisi, ya Ijumaa, na ya Jumamosi.

Alidhani atatulia. Badala yake alianza kuhama kiti. Alikunywa maji bila kiu, akaanzisha filamu na kuiacha njiani, akarudi kwa wapiga mbizi na kuwatazama jicho moja likiwa mlangoni. Ijumaa shuleni, Redio alipomtaka asimulie naye, alichanganya visa mpaka waliokuwa wakimsikiliza wakaangua kicheko.

"Unaitazama au unaiota?" Redio aliuliza.

Jumamosi asubuhi bomba lilikohoa mara mbili, likatoa tone moja la kutu, likanyamaza. Mama alifungua mlango. Mbele ya kila nyumba palikuwa na ndoo, madumu na sufuria, vyote vimejaa pomoni na kufunikwa.

Msusi alikuwa akifagia mbele ya saluni. "Mama Cherehani, usiniambie hamkukinga maji. Si walitangaza kwenye habari tangu Alhamisi? Wanatengeneza bomba kuu, siku mbili hakuna hata tone. Nami nilisema moyoni, kama Babu hajatutangazia, basi hajisikii vizuri."

"Hatukujua, jirani."

"Nyumba ya mkaguzi wa ndoo, na hakuna ndoo yenye maji." Msusi alitikisa kichwa. "Hili nikilisimulia saluni, wateja watasema nimetunga."

Majirani walicheka. Mama naye alicheka, ila kicheko chake hakikupita midomo. Msusi, ambaye mdomo wake ulikuwa mkali kuliko moyo wake, aliwapa ndoo zake mbili zilizojaa.

Walipoingia ndani, Mama aliketi karibu na sikio la kushoto la mzee.

"Baba, tangazo la maji hukuliona?"

"Nilikuwa nje jioni zile, mwanangu."

"Wewe, saa moja, uwe nje? Kwani chombo hiki kipya kimekushinda?"

Babu alimtazama mjukuu wake. Alimtazama kwa muda, kama alivyotazama midomo ya watu, ingawa midomo ya Cherehani ilikuwa imefungwa.

"Mtoto ameandika kila kitu," alisema. "Alichoandika yeye ndicho changu."

Mama alishusha pumzi. "Kama ni hivyo, hakuna haja ya kungoja kesho. Jirani ametuokoa leo, acha nasi tumfurahishe. Lete daftari nitie saini, nimwite aje kuchukua king'amuzi chake."

Cherehani alilichukua daftari mezani. Hatua nne tu zilimtenga na mkono wa mama yake. Akinyamaza, wapiga mbizi ni wake, na Redio hatamcheka tena. Na Babu ataketi kizingitini akitazama ukuta, leo, kesho, na mwezi ujao, na hatamshtaki kwa mtu yeyote.

"Mama, usitie saini," alisema. "Babu hakuulizwa."

"Hakuulizwa lini?"

"Hakuulizwa hata siku moja. Habari hazimo humo. Picha inaganda kila jioni. Na jibu lake la leo nililiandika tangu Jumatano."

Mama alilifungua daftari, akapitisha kidole kwenye safu, polepole, siku baada ya siku. Cherehani alitamani agombezwe upesi, yaishe. Lakini Mama hakupaza sauti.

"Mwezi wangu wa kwanza kiwandani," alisema, "nilitakiwa kuijaza kila ndoo maji, niiache robo saa, kisha niandike kama inavuja. Nilichoka. Nikaanza kuandika 'haivuji' kwenye ndoo kavu. Siku moja alikuja mama mmoja, mkononi ana ndoo iliyofumuka kitako. Alikuwa ameteka maji mbali, yakamwagika kabla ya kufika kwake. Hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu: 'Uliijaza?' Ningalikuwa na shimo la kuingia, ningaliingia."

Cherehani alianza kulia. Babu, ambaye hakuwa amesikia yote lakini alikuwa ameona ya kutosha, alimwita akae karibu.

"Mjukuu wangu, masikio yangu yalichukuliwa na baruti. Ulimi bado ninao. Unaponijibia pasipo kuniuliza, unanichukulia na huo."

"Niliogopa utasema huipendi, Babu."

"Nani alikwambia siipendi yote?" Babu alitabasamu. "Zile filamu za watu wanaobishana sebuleni, hizo siziwezi, wanatafuna maneno tu. Lakini wale wa chini ya maji nawapenda sana. Kule hakuna anayesikia. Wanasemezana kwa mikono, wanaelewana, nami ninaelewa kila kitu. Yule mwenye mapezi ya kijani miguuni ndiye mwizi wa lulu."

"Hatujafika huko, Babu."

"Mtafika."

Mama aliinama kuficha kicheko. Kisha aliuchana ule ukurasa, akachora mwingine, akampa binti yake rula na kalamu.

"Zimebaki jioni mbili. Anza upya."

Jioni hiyo na iliyofuata, Cherehani alifanya kazi aliyopewa tangu mwanzo. Alikaa upande wa sikio la kushoto. Aliuliza, akasubiri, akaandika. Aligundua kwamba picha huganda kati ya saa moja na saa tatu usiku, lakini alasiri haigandi. Aligundua kwamba Babu huchoshwa na picha zinazorukaruka, na kwamba anaweza kutazama pweza kwa saa nzima bila kupepesa. Katika nafasi ya maoni ya Babu aliandika maneno yake kama yalivyotoka: "Kitamu, lakini hakinipi habari. Siwezi kuishi kwa kitoweo bila chakula."

Jumapili jioni Mama, ambaye siku hiyo hakuwa na zamu, alisoma ukurasa huo tangu mwanzo hadi mwisho.

"Huu ndio ukaguzi," alisema. "King'amuzi kinabaki. Hii tunajitoa leo, kabla siku haijaisha. Likizo ikifika, tutailipia mwezi mmoja, mtazame wapiga mbizi alasiri, na saa moja ni ya habari. Ila jirani yetu alishaahidiwa king'amuzi. Atakayekwenda kumwambia hapati, na kumwambia sababu, ni wewe."

Hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote alizowahi kwenda Cherehani, ingawa saluni ilikuwa mlango wa tatu. Msusi alimsikiliza, chanuo likiwa limesimama katika nywele za mteja.

"Basi wateja wangu wataendelea kunitazama mimi," alisema hatimaye. "Nenda kamwambie Babu, maji yakirudi atutangazie."

Kesho yake shuleni, Redio alitaka kujua kama wamelipia. Cherehani alimwambia hapana, akamweleza na sababu, pamoja na alivyobashiri Babu. Redio alicheka kidogo, kisha akauliza kama ni kweli kwamba mwizi ni yule wa mapezi ya kijani, kwa kuwa naye alikuwa hajafika huko.

Usiku huo mama na binti walikuwa wakikunja nguo.

"Kutaka kitu si kosa, mwanangu," Mama alisema. "Mimi mwenyewe ninavitaka vingi. Kosa ni kukiandikia kitu ushahidi wa uongo kwa sababu unakitaka. Ukipewa kazi ya kupima, pima. Ukitumwa kumuuliza mtu, muulize, hata kama jibu lake litakunyima usingizi. Uongo wako ulikunyima usingizi vilevile, na maji tukakosa."

Wewe uliyesoma habari hii mpaka hapa, usiiweke kabatini. Msomee mdogo wako, au jirani, au mtu mzima wa nyumbani kwenu ambaye hakupata nafasi ya kujifunza kusoma, naye aipeleke kwa mwingine. Ukimaliza, muulize ameionaje, na umsubiri ajibu mwenyewe.