Nusu ya Kutupwa

Kitu cha kwanza kutoweka katika nyumba ile kilikuwa chumvi. Haikutoweka mkebeni, mkebe ulikuwa umejaa na kifuniko chake kimekazwa kama kawaida. Ilitoweka ndani ya chakula, baada ya kutiwa, kukorogwa na kuonjwa. Mwenye nyumba, mshonaji wa mapazia ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, aliionja supu jikoni, akaridhika nayo, akaipakua. Na katika mwendo ule mfupi wa kutoka jikoni hadi mezani, supu ikawa maji ya moto.

"Leo umetupikia ya hospitali," alisema mumewe, ambaye alikuwa muuguzi na alijua alichokuwa akikisema.

"Nimeionja mimi mwenyewe."

"Basi ulimi wako umelala kabla yako."

Fundi hakubishana. Alikuwa ameshinda kwenye cherehani akipinda mapazia ya ukumbi mzima, na mgongo ulikuwa ukimdai kila pindo. Aliinuka, akaleta mkebe, kila mtu akajitilia. Hakuna aliyeona ajabu. Uchovu una tabia ya kueleza kila jambo kabla hofu haijapata nafasi ya kuuliza.

Jambo lenyewe lilikuwa limeanza majuma machache kabla ya hapo, nalo liliingia nyumbani mikononi mwa wifi yake. Wifi huyo alikuwa mpokea wageni katika hoteli, na kutoka kwa wageni alikusanya mapishi kama wengine wanavyokusanya kanga. Kila Jumapili wawili hao walijifungia jikoni wakapika vya mbali: tambi zilizoogelea katika supu ya pilipili na siki, viazi vilivyozikwa chini ya jibini, vifurushi vya unga vilivyojazwa nyama na kuivishwa kwa mvuke, kabichi iliyochachushwa hadi ikachoma pua. Havikuwa vyakula vya kujionyesha. Vilikuwa vile ambavyo watu wa huko huvila wanaporudi nyumbani wamelowa mvua, hawataki kusemeshwa. Fundi alivipenda kwa sababu hiyo. Aliona kwamba kumbe watu waliochoka wapo kila mahali, na kwamba kila mahali kuna sufuria inayowasubiri.

Jumapili moja wifi alileta chupa ya kioo yenye mdomo mpana, imefunikwa kwa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na rojo zito, la rangi ya maziwa yaliyolala.

"Chachu hii, wifi. Mkate wake hauhitaji hamira ya dukani. Kuna mgeni aliyekuwa akiitunza chumbani kwake. Kaondoka alfajiri bila kuaga, kaiacha dirishani."

"Sasa inatunzwaje?"

"Alinieleza siku moja. Kila siku unatoa nusu, unaitupa. Iliyobaki unailisha unga na maji."

"Unaitupa?" Fundi aliuliza kama mtu aliyeambiwa achane pazia jipya. "Unga mzuri hivi?"

"Ndivyo alivyosema, tena alilirudia neno hilo. Mimi simo."

Binti wa Fundi, aliyepewa jina la Chiriku kwa kuwa hata usingizini mdomo wake haukupata likizo, alikuwa ameubandika uso wake kwenye kioo. "Mama! Inapumua! Angalia, imetoa povu, imefanya hivi, bwa! Shangazi, ina macho? Ina miaka mingapi?"

"Huyo ni mdogo wako," wifi alijibu. "Si mama yako kila siku anaulizwa wa pili yuko wapi? Basi huyu hapa. Halii wala havai nepi."

Walicheka wote watatu. Fundi aliipokea chupa kwa mikono miwili, kama anavyopokewa mtoto mchanga, akasema, "Mdogo, karibu kwenu." Tangu siku hiyo likawa ndilo jina lake.

Kosa lilitendeka kesho yake, nalo lilitendeka kwa moyo safi. Fundi alitoa nusu kama alivyoelekezwa, akasimama nayo juu ya ndoo ya taka, akashindwa. Mama yake mzazi alimlea kwa neno moja: chakula hakitupwi. Alirudi mezani, akaichanganya nusu ile na mayai, akakaanga vijimkate vyembamba. Vilikuwa vitamu vyenye uchachu wa mbali. Kesho yake nusu nyingine ilizidisha uzito wa supu. Iliyofuata ilivikwa vipande vya samaki. Wifi alisifu. Muuguzi alisifu. Chiriku, ambaye nusu yake ilitiwa ndani ya uji wa asubuhi, alikuwa akikomba bakuli na kuuliza, "Mdogo ameshakula? Mimi na yeye tumekula sawasawa?"

Baada ya chumvi, ikafuata sukari. Kisha pilipili, hata ile iliyokuwa ikimtoa Muuguzi machozi, ikawa inatafunwa kama karoti. Kisha harufu ikaja kuchukua nafasi ya ladha: harufu ya nguo zilizosahauliwa ndani ya ndoo, iliyoanzia jikoni, ikavuka ukumbi, ikajikunja ndani ya mapazia mapya ambayo Fundi alilazimika kuyafua upya kabla ya kuyapeleka kwa wenyewe. Na pamoja na harufu ikaja sauti. Bwa. Kimya. Bwa. Sauti ya povu moja kupasuka, iliyosikika hata kwenye chumba ambamo chupa haikuwamo.

Wakati huo Chiriku alikuwa ameanza kupunguza maneno. Kwanza aliacha kuuliza maswali, kisha akaacha kuimba, kisha akawa anajibu kwa kichwa. Wazazi wake, kila mmoja kwa uchovu wake, walishukuru kimoyomoyo kwa ule utulivu. Hilo ndilo jambo ambalo Fundi hakuweza kujisamehe baadaye.

Ilikuwa mchana, jua limesimama juu ya bati, na Fundi amekaa ukumbini akipinda pazia kwa mkono, Chiriku amelala kichwa chake kikiwa mapajani mwake.

"Mama," iliita sauti kutoka jikoni.

"Bee."

"Mama, nusu yangu bado?"

"Nakuja, mwanangu, subiri nimalize uzi," alijibu, kwa sababu mdomo wa mama aliyechoka hujibu wenyewe bila kuuliza ruhusa. Na sindano ilikuwa imeshazama na kutoka tena kwenye kitambaa kabla hajahisi uzito wa kichwa kilicholala mapajani mwake, akainamisha macho, akamwona mwanawe amelala fofofo, midomo imefungwa, huku kule jikoni sauti yake ileile, yenye kikwazo kilekile kidogo kwenye herufi ya mwisho, ikiendelea kumwita kwa upole wa mtoto anayejua kwamba hatimaye atapewa, mama, mama, nusu yangu, mama, mpaka akamlaza binti kitini, akaenda kwa nyayo zisizokuwa zake, akaikuta chupa mahali pake, kitambaa kimefunuliwa, na kwenye kioo, upande wa ndani, juu kabisa ambako rojo halikuwahi kufika, alama pana zilizonyooka, safi, za ulimi mdogo uliokuwa ukiramba.

Aliporudi, Chiriku alikuwa ameamka na analia bila sauti. Fundi alimbusu shavuni. Machozi yalimwingia mdomoni, naye akabaki ameinama, akionja tena, akiomba awe amekosea. Hayakuwa na chumvi. Yalikuwa maji matupu.

Jioni Muuguzi alimpima binti yake joto, mapigo na pumzi.

"Kipimo kinasema mzima," alinong'ona.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema zamu yangu inaanza saa moja, na miguu inakataa kutoka ndani ya nyumba hii."

Wifi aliitwa, akafika akihema. Aliisikiliza habari yote, akaichukua chupa, akaimwaga kwenye mfereji nyuma ya nyumba, akaisugua kwa majivu. Walipoingia ndani, uji uliopoa kwenye kikombe cha Chiriku ulikuwa umeanza kutoa mapovu. Na ndani ya ile chupa iliyosuguliwa, chini kabisa, palikuwa na tone moja jeupe, nalo lilikuwa likipanda.

Mganga aliletwa kesho yake alasiri. Hakuja na ubani wala ngoma. Alikuja na mfuko kama wa fundi bomba na goti bovu, akaomba kiti kabla ya kuomba habari, na alipopewa chai alikunywa funda moja, akakitazama kikombe, akatikisa kichwa.

"Hata chai yangu kaiwahi," alisema. "Mlijaribu kumfukuza?"

"Tulimmwaga," wifi alijibu.

"Kumwagwa si kufukuzwa, binti yangu. Ukimwaga maji, kiu inakwisha? Mlimpa jina?"

"Mdogo."

"Mdogo wa nani?"

Wote walimtazama Chiriku.

"Haya. Na ile nusu ya kutupwa, mliitupa wapi?"

Fundi alisema polepole, "Hatukuitupa. Tuliila."

Mganga alikiweka kikombe chini. "Yule mgeni alijua anachokitunza. Ile nusu iliyokuwa ikitupwa ndiyo iliyomkumbusha huyu, siku baada ya siku, kwamba yeye si wa nyumbani. Nyinyi mmemwita jamaa, mkala naye sahani moja. Kwa kweli simlaumu kwa kuamini. Nani alimpokea kwa mikono?"

"Mimi."

"Basi wewe ndiye utakayemnyima. Jua likizama ataomba. Usimpe chakula, usimpe huruma, usimpe ahadi. Mwambie neno moja tu: hapa huna chako. Akishakauka, mimi nitamzika. Ngoja nikachimbe mapema; goti hili halipendi haraka."

Jua lilipozama, Fundi alikuwa peke yake jikoni. Chumbani Muuguzi alikuwa amemshika mtoto, na wifi ameshika mlango. Chupa ilianza taratibu. Bwa. Kisha ikasema.

Haikunguruma wala haikutisha. Ilitoa maneno ya Chiriku, yale yote yaliyopotea: nyimbo za shuleni, mama kwa nini paka hapigi mswaki, mama nihesabu mpaka kumi, mama angalia, yakamiminika kutoka kwenye kioo moja baada ya jingine, safi kama siku yaliposemwa.

"Hapa huna chako," Fundi alisema.

Sauti ikapungua. Rojo likashuka, likaacha ukoko wa kijivu pembeni. Akarudia neno lake, na sauti ikazidi kufifia, na hapo ndipo aliposikia kutoka chumbani mumewe akiita, bila ile sauti ya kazini aliyoizoea, "Anapoa! Mke wangu, mtoto anapoa!", naye akaelewa, akiwa amesimama kati ya chupa na mlango, kwamba kilichokuwa kikikauka mle ndani ya kioo hakikuwa kimoja, kwamba kila alichomnyima Mdogo alikuwa akimnyima pia yule aliyekula naye sawasawa kwa majuma yote hayo, na kwamba nyuma ya nyumba jembe la Mganga lilikuwa likiendelea kuchimba, likigonga mawe, mbali mno na swali hili.

"Chakula hakitupwi, mama," chupa ilisema. Ilisema kwa upole.

Fundi aliegemea meza. Hakuwa na nguvu ya kulia. Alikuwa mtu aliyezoea kumaliza kazi za wengine kabla ya kulala, na hii nayo ilikuwa kazi. Aliinama hadi midomo yake ikakaribia kioo, akanong'ona ili asisikiwe na yeyote:

"Ya mtoto rudisha. Yangu chukua. Siyo nusu. Chukua yote."

Bwa, ilijibu chupa, na haikusema tena. Mganga alipoingia na udongo magotini, ndani ya kioo palikuwa na ganda kavu la kijivu. Chumbani sauti ya mtoto ilikuwa ikipasua dari: "Nina kiu! Baba, mbona umenibana? Mama yuko wapi? Shangazi, kwa nini unalia?"

"Ulimwambia neno nililokupa?" Mganga aliuliza.

"Nilimwambia hana chake hapa."

Mganga alimtazama usoni. Alionekana kutaka kuuliza jambo la pili. Kisha akaona giza linaingia, akakumbuka goti lake na nyumba nyingine iliyokuwa ikimsubiri, akaichukua chupa akaenda kuizika.

Chumvi ilirudi. Pilipili ilirudi pia, na Muuguzi akalia mezani akicheka. Jumapili zikaendelea, wifi alileta mapishi ya supu ya dengu na limau kutoka kwa mgeni mwingine, baada ya kuapa kwamba kamwe hatapokea tena kitu kinachokula.

"Mama, chumvi imezidi!" Chiriku alipiga kelele kwenye kijiko cha kwanza. "Baba, imezidi, au sivyo? Shangazi, onja!"

"Imezidi sana, wifi," alisema wifi. "Leo unatupikia bahari?"

Fundi alitabasamu. Alikuwa ameionja jikoni mara nyingi. Sasa alikuwa akijifunza kupika kwa kusoma uso wa binti yake: nyusi zikikunjwa, aongeze maji, ulimi ukitoka kulamba mdomo, imekolea. Hakuna aliyejua, na yeye hakuona sababu ya kuwachosha.

Walipoondoka mezani alikusanya sahani. Ya Chiriku ilikuwa imebaki nusu. Aliibeba hadi juu ya ndoo ya taka, akasimama. Nyumba ilikuwa kimya, na katika kimya hicho, chini ya mbavu zake, kitu kiligeuka taratibu kama mtoto anayejilaza vizuri. Bwa.

Fundi alivuta kiti, akaketi, akaila ile nusu hadi mwisho. Haikuwa na ladha yoyote. Lakini kila alipomeza, ndani yake palikuwa na mwingine aliyeisikia chumvi, na kulamba midomo.