Rangi Kwenye Kasha la Mota

Mshonaji alikanyaga pedeli ya cherehani yake ya umeme. Papo hapo redio ya chumba cha pili ikanguruma: krrrrr!

"Zima hilo dude!" alipaza sauti mama mkwe wake. "Saa tisa mjukuu wangu yuko redioni!"

Kweli. Binti wa mshonaji alikuwa kwenye shindano la maswali la shule. Lakini sare kumi za wauguzi zilikuwa zichukuliwe saa kumi, na tatu hazikuwa na mikono.

"Mama, nikizima sitamaliza."

"Usipozima, mimi nitasikiliza shindano la nyuki!"

Mumewe, mpaka rangi wa nyumba, alicheka. "Cherehani haina kosa. Kasha la mota lilikuwa na kutu, nikalipaka mwenyewe wiki jana. Mikono mitatu ya rangi, ndani na nje, mpaka ukingo wa kifuniko. Tazama linavyong'aa!"

Mshonaji hakutazama. Alikwenda kumwita jirani yao, mama mmoja fundi redio.

"Kelele zilianza lini?" fundi aliuliza.

"Tangu huyu mwanangu alipoipamba," bibi alijibu.

Fundi alichomoa waya ukutani kwanza. Kisha akafungua kasha.

"Shemeji, mchawi ni wewe," alisema. "Mota hii ikizunguka hutoa cheche ndogo ndani. Cheche hutupa mawimbi, na redio huyanasa. Kasha la chuma huyazuia yasitoke. Lakini chuma cha kifuniko lazima kigusane na chuma cha kasha, pande zote. Rangi yako haipitishi umeme. Umekaza skrubu, lakini kwa mawimbi pale pako wazi."

"Basi nikwangue yote?"

"Ukingo tu. Na hapa unapofungwa waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini. Rangi ya hapa ni hatari. Umeme ungevuja, kasha lingempiga mkeo shoti."

Mpaka rangi aliacha kucheka. Alichukua msasa, akakwangua mpaka chuma kikaonekana.

"Na kutu je?" mshonaji aliuliza. "Itarudi."

"Kutu nayo inazuia umeme. Ndiyo maana hatukiachi chuma kitupu."

Fundi alipasha moto chuma chake cha kulehemu. Akayeyusha waya laini wa kulehemu, akausambaza ukingoni kama siagi.

"Hii ni aloi, yaani metali zilizochanganywa. Ni bati na shaba kidogo. Inakinga chuma kisishike kutu, na umeme unapita. Viwandani hutumia pia zinki au nikeli."

"Lakini haipendezi," mpaka rangi alinung'unika.

"Ukiigusa na brashi," mama yake alisema, "nitakupaka wewe!"

Saa tisa kasorobo kasha lilifungwa, waya wa ethi mahali pake. Mshonaji alikanyaga pedeli. Cherehani ikakimbia. Redio ilikoroma kidogo tu, kama mtu aliyelala chumba cha mbali. Kila neno lilisikika.

Alikuwa akishona mkono wa mwisho walipomsikia binti yao akijibu swali la mwisho, bila kusita.

"Sahihi!" alisema mtangazaji. "Shule yenu imeshinda!"

Bibi alirusha kanga juu, akapiga kigelegele kirefu. Mtangazaji alikuwa bado anaongea, ila hakuna aliyemsikia. Safari hii cherehani haikuwa na kosa.