Barke Wawili

Nilitumwa tambuu. Jua limeshazama, muadhini anakohoa kwenye kipaza sauti, na mimi naachishwa chungu jikoni kwa sababu mavyaa, mamake mume wangu, hawezi kungoja asubuhi ndipo atafune. Nikiwa mlangoni navaa buibui, akanisindikiza na neno lake.

"Na usiende ukaota mizizi huko. Na huo mtuzi uliouacha motoni si mtuzi, ni maji ya kuoshea mikono."

"Haya, mama," nilisema. Moyoni nilisema jengine.

Nilimchukia. Sitaki kuzunguka. Asiyewahi kukaa nyumba moja na mavyaa, hapa Junda, vyumba viwili na choo kimoja, asinihukumu. Mume wangu Badi ni dereva wa lori, mwezi mzima yuko njia ya Malaba, na maneno yote ambayo mama angemwambia mwanawe alinimwagia mimi. Na huyu ndiye aliyelia kwa furaha siku ya posa! Alilia kwa kuwa naitwa Wardah, na Wardah lilikuwa jina la marehemu mamake, aliyezikwa Jomvu Kuu. Nilipozaa binti, akaitwa Barke, jina lake yeye mavyaa, kama ilivyo ada yetu. Bibi na mjukuu wakawa wanaitana somo. "Somo wangu, ndoo hapa nikupe halua." Mtoto alipata asali ya ulimi ule, mimi nikapata shubiri.

Karibu na muuza tambuu hukaa jirani yetu Dama na karai lake la viazi. Jioni ile hakuwa akikaanga. Mafuta yalikuwa yamepoa, naye ameinamia simu.

"Mama Barke, waijua hii?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

Ilikuwa programu mpya. Nusu ya kundi la kina mama wa mtaa walikuwa nayo. Unaandika jina la mtu na jina la mamake, nayo inakwambia moyo wake uko vipi kwako. Chini yake kuna kitufe kimoja chekundu. FUNGA MDOMO.

"Nimemfunga wifi yangu juzi," alisema Dama. "Mpaka sasa hajanitukana."

"Nani kaitengeneza?"

"Sijui. Ilikuja tu."

Hakucheka. Ningepaswa kuliona hilo, maana Dama hucheka hata msibani. Lakini mimi nilikuwa nimeshika simu yangu tayari, namwambia nitumie linki, nitumie upesi.

Kwetu Pwani mtu akikuuliza jina la mamako, humjibu mpaka ujue analitakia nini. Ndilo jina analolitaka mganga kabla hajaanza kazi, na hatulitoi ovyo. Lakini simu haina kilemba wala chetezo. Ina nafasi tupu na kijistari kinachopepesa, nawe unajaza. Iliomba ruhusa ya picha. Nikaruhusu. Ruhusa ya majina yote ya simuni. Nikaruhusu. Ya kusikiliza. Nikaruhusu. Nani husoma yale?

Jina: Barke.

Jina la mama: Wardah.

Niliandika jina langu mwenyewe na sikuliona. Wallahi sikuliona. Nilikuwa namuona ajuza mwenye meno mekundu, na mamake aliyelala Jomvu Kuu miaka arubaini.

Kitufe kilitaka kidole kikae, kisiinuke. Duara likaanza kujifunga pole pole. Na sauti ikatoka simuni.

Shwii...

Shwii...

Uzi. Uzi mrefu ukivutwa kwenye kitambaa. Kisha harufu ikanipiga, pale pale barabarani, ya kinywa kilichofungwa siku nyingi. Nilitaka kuinua kidole. Nikakumbuka maji ya kuoshea mikono, nikakiacha.

Duara likafunga.

"Kazi imepokewa," ilisema sauti ya mwanamke, kwa Kiswahili kizuri cha watu wa kale. "Ahsante, Wardah."

Sikuwa nimeiambia naitwa nani.

Nilifika nyumbani nikitarajia kimya. Mavyaa alinipokea kibarazani, ulimi mzima.

"Tambuu hiyo ulienda kuipanda?"

Nilimpa tambuu yake nikajiona mjinga. Mwanamke mzima nimedanganywa na mchezo wa simu. Nikaingia ndani. Barke wangu, miaka saba, alikuwa mkekani na juzuu yake mbele.

"Barke, umesoma?"

Mtoto yule hajui kuitwa bila kuitika. Abee mama, abee bibi, kutwa nzima. Aliniangalia tu.

"Barke!"

Macho yakamjaa machozi. Nikapiga magoti mbele yake. Midomo ilikuwa imebanana mpaka imekuwa myeupe. Juu ya mdomo wa juu na chini ya mdomo wa chini kulikuwa na vitobo, vidogo vidogo, vimepangwa sawasawa kama pindo la kofia.

Uzi haukuwepo.

Nilijaribu kuifungua kwa vidole. Nikajaribu kwa mpini wa kijiko. Mtoto alilia kwa ndani, sauti ikapita puani, na pua ile ilikuwa na mafua tangu juzi. Ikapiga mluzi. Ikaziba. Ikapiga tena.

Hapo ndipo nilipolisoma upya lile jina kichwani.

Barke, mwana wa Wardah.

Wangu.

"Ana nini somo wangu?" Mavyaa alikuwa mlangoni, tambuu shavuni. "Wardah, umemfanya nini mtoto?"

Nilimbwagia mtoto mikononi, nikatoka mbio na simu, bila buibui, bila viatu. Njiani niliifuta ile programu. Ikarudi. Nikaifuta tena. Ikarudi mahali pale pale, na kitufe chake chekundu.

Dama alikuwa bado pale kwenye mafuta yaliyopoa.

"Hufunguliwa vipi?" nilimkamata mabega. "Dama! Hufunguliwa vipi?"

"Hakuna pa kufungulia." Sasa alikuwa analia. "Natafuta tangu asubuhi. Wifi yangu hajanitukana kwa kuwa hajafumbua kinywa, Mama Barke. Hata maji hayapiti."

"Nawe ukanipa mimi?"

"Iliniambia nikimpata mwengine itamfungulia."

Ningemzaba kofi, lakini simu ilitetemeka mkononi mwangu.

"Barke mwana wa Wardah ni wawili nyumba ile," ilisema ile sauti, taratibu, bila haraka yoyote. "Uzi ni wa mmoja. Chagua."

Picha mbili zikatokea. Moja ni ya mwanangu siku ya Idi, kanyanyua mikono aonyeshe hina. Ya pili ni ya mavyaa kalala kwenye kitanda chake, kinywa wazi. Picha hiyo sikuipiga mimi. Hakuna aliyeipiga. Na nyuma ya picha, ndani ya simu, nilisikia pua ya mwanangu. Mluzi... kimya... mluzi... kimya kirefu...

Sitadanganya kwamba nilisita. Nilibonyeza picha ya mavyaa, nikashikilia kwa vidole viwili, nikihesabu ile sauti ya uzi. Na katikati ya hofu yangu yote palikuwa na kitu kidogo kilichofurahi. Nimejaribu kukisahau, sijaweza.

Nilirudi nikamkuta Barke amekaa sakafuni, kinywa wazi, analia kwa sauti ya kuamsha mtaa. Sijawahi kusikia kilio kitamu vile. Mavyaa alikuwa ameketi wima kitandani, mikono mapajani. Midomo imebanana. Mate mekundu ya tambuu yalikuwa yakivuja kwenye vitobo, tone baada ya tone, juu ya leso yake nyeupe.

Aliniangalia. Nilingoja nione chuki machoni mwake, maana nilikuwa na haki nayo. Sikuiona.

Hospitali walisema ni kiharusi. Vile vitobo waliviona, wakaulizana, wakaandika kitu kwenye faili. Walimpitisha mpira puani, na kila kilichoingia kilirudi. Siku ya tano akafa. Tulimzika Jomvu Kuu ubavuni mwa mamake. Badi aliporudi safari alinishika mikono mbele ya watu, akanishukuru kwa nilivyomuuguza mamake, na wanawake wa matanga wakasema mkaza mwana kama mimi hapatikani siku hizi. Niliyapokea yote hayo. Ile programu ilikuwa imetoweka simuni mwangu usiku wa mazishi, na nilipouliza kundini, hakuna aliyekumbuka kuiona. Dama alihama na karai lake bila kuaga. Kuhusu wifi yake sijui.

Baada ya hitima nilikaa chumbani kwa marehemu nakunja kanga zake. Barke akaja akasimama karibu yangu. Mkononi alikuwa na simu ya bibi yake, simu ya kusikilizia mawaidha tu, mavyaa hakuwa hata akijua kusoma.

"Mama, Bibi alisema nisikwambie."

"Usiniambie nini?"

"Ulipotoka mbio, simu yake ilisema. Ilisema wako wawili, achague. Ikaweka picha yangu na yake." Alikuwa akisema polepole, akivuta pumzi kila baada ya neno, kama afanyavyo tangu jioni ile. "Bibi akasema, somo, macho yangu hayaoni, nibonyezee mimi. Nikakataa kwa kichwa. Akasema fanya upesi, mwanangu, kabla mamako hajarudi. Akanishika kidole akasema weka kwenye picha yangu."

Kanga ilinianguka.

"Nikaweka, mama. Nikashikilia mpaka ikafunga." Machozi yalimwagika. "Ni mimi niliyemuua Bibi?"

Nilimvuta kifuani. Kumbe yule ajuza niliyemchagua alikuwa ameshajichagua mwenyewe, tena bila kuambiwa na mtu.

"Kisha ikasema tena," alinong'ona begani mwangu. "Ikasema, majibu mawili yamepokewa, nayo yamekubaliana." Akainua uso, akanitazama sawasawa. "La pili lilikuwa la nani, mama?"

Angeweza kuupata usingizi wake. Neno moja tu kutoka kwangu, na mzigo ule ungemtoka, ukaja ulipostahili.

"Sijui, mwanangu," nilisema.

Akaniamini. Akaenda kulia peke yake uani, nami nikaiokota ile kanga, nikaendelea kukunja.