Kitinda na Kioo Kitupu

Kila Jumamosi, baada ya kufagia uwanja na kuosha vyombo, Kitinda aliketi kwenye mkeka mbele ya dada yake ili asukwe nywele. Aliitwa Kitinda kwa sababu alikuwa kitindamimba, na jina hilo alilibeba kama cheo. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, lakini kwa kudeka alimshinda mtoto wa miaka mitatu.

Mambo yalibadilika Dada alipomaliza chuo na kuajiriwa kupima macho katika duka la miwani. Siku za kazi hakuonekana nyumbani mpaka jioni. Hilo Kitinda alilivumilia. Lakini baadaye Dada alianza kubeba kisanduku chake cha lenzi kila Jumamosi na kwenda kwenye ukumbi wa mtaa kuwapima watoto bila malipo.

"Na nywele zangu?" Kitinda aliuliza.

"Jioni, mdogo wangu."

Jioni Dada alirudi hoi, akalala hata viatu hajavua. Jumatatu Kitinda alikwenda shuleni na nywele za wiki iliyopita, akiona wivu.

Jumamosi moja alimfuata, akachungulia dirishani. Dada alikuwa amemshika kidevu mtoto fulani. "Tazama mbele, mdogo wangu," alimwambia. Akaja mwingine, naye akaitwa mdogo wangu. Kitinda aliona anaporwa mchana kweupe. Hao nao mama yake aliwazaa lini?

"Hasidi hana sababu," Mama alimwambia alipomwona amenuna. "Dada yako hajakutupa."

"Basi akae nyumbani!"

Shuleni kwao, katika mkondo wa pili, alikuwako msichana waliyemwita Karibu, kwa sababu kila kitu alikileta karibu na pua ndipo akakisoma. Kitinda alikuwa fundi wa kumtania. Alisimama ng'ambo ya uwanja akaita, "Karibu!" Msichana alipogeuka na kukodoa macho asijue ni nani, Kitinda alijijibu kwa sauti nyembamba, "Ahsante, nimeshiba!" Wenzake wakavunjika mbavu kwa kicheko.

Ijumaa moja alimsikia Karibu akizungumza na rafiki yake bombani. "Wiki ijayo mtihani utaandikwa ubaoni. Mwalimu amesema nikishindwa tena, narudia darasa. Kesho baba ataniombea miwani kwa yule daktari wa ukumbini."

Badala ya kumwonea huruma, Kitinda aliwaka moto. Hata huyu naye kesho ataitwa mdogo wangu!

Asubuhi ukumbini benchi lilijaa. Ilipokaribia saa sita walikuwa wamebaki wawili tu wakisubiri kuitwa: yule msichana Karibu na baba yake, dereva wa lori aliyepewa ruhusa kazini mpaka saa hiyo. Kitinda aliingia akipapasa ukuta.

"Naomba nitangulie," alisema. "Mimi ni mdogo wake daktari. Macho yangu hayaoni!"

"Pole sana. Pita, mwanangu," dereva alisema, akasogeza miguu yake.

Dada alishtuka hata akaangusha kalamu. "Tangu lini? Unaona herufi gani pale ukutani?"

"Naona ukungu mtupu."

Basi Dada akaacha kila kitu. Alimvalisha fremu ya kupimia, akaweka lenzi moja, akatoa, akaweka nyingine. "Hii je?" "Bado." "Na hii?" "Giza." Mkono wa Dada ulikuwa shavuni mwake, na sauti ilikuwa ile ya zamani ya mkekani. Kitinda alijisikia raha, akatamani saa isimame.

Saa haikusimama. Mlinzi alitokea mlangoni akitikisa funguo. "Daktari, ni saa sita. Wenye mkutano wao wamefika."

Dereva alitazama saa yake, akainuka. "Twende, mama," alimwambia binti yake taratibu. "Lori halinisubiri." Wakatoka.

 Dada akachagua lenzi ya mwisho, akaipachika. "Hii ndiyo kali kuliko zote. Jaribu."

"Ahaa! Sasa naona!" Kitinda alisema, kwa kuwa njaa ilikuwa imeanza kumuuma. Akasoma safu zote kwa mbwembwe, hata ile ya chini kabisa yenye herufi kama chawa.

Dada akaitoa lenzi ile, akaigonga kwa ukucha. "Hiki ni kioo kitupu, Kitinda. Kama cha dirisha. Hakimsaidii mtu kuona chochote."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Kitinda ilikuwa imeishia hapo. Machozi yakamtoka.

"Wote unawaita mdogo wangu! Wanakupata wao, mimi ninakuona umelala tu. Unapata nini kwao?"

Dada akaketi kwenye benchi tupu. "Nilipokuwa kama wewe, nilivunja vikombe vingi sana. Sikuona ukingo wa meza unapoishia. Mama alinichapa, mwalimu aliniita mzembe, nami nikawaamini. Hakuna mtu aliyekuja mtaani kwetu kunipima. Nilijua nina macho mabovu nilipopimwa siku niliyojiunga na chuo. Sasa mimi ninaweza kuja, nami ninapenda kuja. Nywele zako nilizisahau, hilo ni kosa langu. Lakini yule binti aliyeondoka sasa hivi hakukukosea kitu."

Kitinda alifuta pua kwa kiganja. Alifikiria mtihani utakaoandikwa ubaoni, akajisikia vibaya kuliko alipokuwa akilia. "Ninapajua kwao," alisema.

Walimkuta Karibu nyumbani akichambua mchele, bakuli limemgusa kidevu. Baba yake alikuwa amekwenda kazini. Mama yake akawakaribisha, na Dada akatundika chati ya herufi mlangoni, akapima, kisha akachagua miwani mojawapo kati ya zile za kugawia watoto alizozibeba kwenye mkoba wake.

Karibu aliivaa. Alitazama mlango, akamtazama mama yake, kisha akamgeukia Kitinda, akamwangalia kwa muda mrefu.

"Nilimdanganya Dada ili ukose nafasi," Kitinda alianza. "Tena mimi ndiye ninayekuita pale uwanjani..."

"Najua. Sauti yako naijua siku nyingi," Karibu alisema. "Sura ndiyo sikuwahi kuiona. Nilidhani ni ya mtu mbaya."

Kitinda alikosa pa kuweka uso wake. "Nisamehe," alinong'ona. "Na jina lako halisi niambie, nikuite hilo."

Njiani kurudi, Dada alimshika mkono. "Kwa uongo wako ulidhani unaniibia mimi muda," alisema. "Kumbe ulimwibia aliyekuwa nyuma yako. Wivu hutazama mbele tu, kwa anayependwa. Kabla hujasema uongo, mdogo wangu, geuka kwanza uone ni nani yuko kwenye foleni."

Kitinda aligeuka. Kule mlangoni msichana mwenye miwani alikuwa bado amesimama, akiwapungia mkono kutoka mbali.