Mfuko Aliouchagua Dainess

Jamani, Dainess hakuwa mtu wa waganga. Sisi tuliopanga naye Sanyuanli, huku China, tunamjua: Jumapili kanisani, Jumatatu soko la Zhanqian kwenye nguo za watoto, na kwenye bei hana undugu. Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mwanawe Derick, miaka saba, alikuwa nyumbani kwa bibi yake, Hombolo, anakabwa na pumu. Wiki ile alilazwa mara mbili.

Aliyemtajia ule mji ni Ernest wa ofisi ya mizigo, mtu mzima anayekijua Kichina. Mji mdogo, saa tatu kwa basi, mashamba ya zabibu ya tangu enzi. Wenye vifua huenda huko, wanarudi wazima. Dainess akacheka. Zabibu? Yeye aliyekulia Hombolo, katikati ya mizabibu? Ila Alhamisi asubuhi walikuwa ndani ya basi.

Mji ulikuwa mzuri, msinielewe vibaya. Nyumba safi za vigae, mizabibu minene kuliko paja la mtu. Kila kichala kimevalishwa mfuko mweupe wa karatasi, kama wafanyavyo Wachina kuzuia ndege. Lakini ndege hawakuwepo. Mbwa hakuna, redio hakuna, na saa sita mchana barabara nzima haina mtu.

Upepo ulikuwa umelala. Mifuko ikawa inavimba. Inanywea. Inavimba tena.

"Ernest," Dainess akanong'ona, "unaona?"

"Naona, dada. Usiulize."

Mzee mwenye shamba alitazama picha ya Derick kwenye simu, akachuma mfuko mmoja mdogo, umesinyaa. Ernest akatafsiri: ni pumzi ya babu aliyekwisha kwenda zake, aliiacha kwa hiari yake. Ufungue, taja jina la mtoto, basi.

Hapo ndipo biashara ilipomponza. Miaka sita ya Zhanqian imemfundisha jambo moja: usichukue anachokupa muuzaji, chagua mwenyewe. Pumzi ya kizee kwa mtoto wa miaka saba? Akaurudisha. Akapita kwenye safu, akaona mmoja umejaa kweli kweli, unahema haraka haraka. Akaushika. Ulikuwa na joto.

"Meiyou!" mzee akapaza sauti. Hakuna, yaani. Meiyou Dainess huisikia mara mia kwa siku, kwa wauzaji waliokalia mzigo tele. Akajua ni maringo ya bei.

"Dada, acha!" Ernest akasema. "Anasema huo una mwenyewe. Bado yu hai!"

Alikwisha kuufungua.

"Derick," akasema. "Derick wangu."

Ndani hamkuwa na zabibu. Kitu kilimpita shavuni, kina harufu ya maziwa.

Mzee akakaa chini kwenye udongo, akafunika uso. Hakumtukana. Hakudai chochote. Kisha nyumba ya tatu kutoka shambani, mwanamke akapiga yowe.

Simu ikaita. Ni mama yake, toka Hombolo, analia kwa furaha.

"Mwanangu, kifua kimenyamaza! Kakurupuka kitandani sasa hivi, anakimbia uani!"

Walikimbia kwenda kituoni. Mlango wa nyumba ya tatu ulikuwa wazi. Mwanamke amepiga magoti kizingitini, anamtikisa binti mdogo, anamwita. Dainess alimwona vizuri. Hakusimama. Msimhukumu haraka, nani kati yetu angesimama?

Jioni akapiga simu ya video. Derick amekaa wima, kifua shwari, hakuna hata mluzi. Dainess akalia, akacheka.

"Derick, baba, mama huyu hapa. Nisalimie basi."

Mtoto akamtazama kwa adabu, kama mtoto anavyomtazama mgeni. Akamgeukia bibi yake. Akasema, taratibu, kwa Kichina safi, yeye ambaye hajawahi kukisikia:

"Wo yao hui jia."

Nataka kurudi nyumbani. Hata Kichina cha sokoni kinatosha kuyaelewa hayo.

Dainess yuko Hombolo mwezi wa nne sasa. Derick hajakohoa hata siku moja. Anakula, anacheza, anasema asante. Lakini Dainess hajamwita "mama".

Ukutani, juu ya kitanda cha Derick, kuna maandishi ya Kichina ya mkaa. Wanayapaka chokaa, asubuhi yapo tena. Dainess alimtumia Ernest picha.

Ni jina la msichana, Ernest akaandika. Na maelekezo ya kufika kwao.