Kilio kwa Mtu Aliye Hai

Kila Jumamosi asubuhi, mwaka wa 1944, wanafunzi wa koleji, shule moja ya misheni karibu na mji wa migodi wa Kolwezi, walikusanyika kusoma barua za vita. Baadhi ya baba na kaka zao walikuwa Burma, ng'ambo ya bahari, wakibeba majeruhi. Mwalimu Kisimba aliweka amri: mwenye mtu vitani asiteke maji, na baada ya uji apewe kikombe cha maziwa. "Moyo wake hautulii," alisema. "Tumsaidie."

Moyo wa Tshilombo, mwenye miaka kumi na mitatu, ulikuwa umetulia kabisa. Kaka yake Muamba alichimba shaba hapo hapo Kolwezi. Lakini Tshilombo alisema yuko vitani, akanywa maziwa miezi minne.

Jumamosi moja mwanafunzi mwenzake, Mwenze, alimaliza kusoma barua ya baba yake kutoka vitani, akamgeukia.

"We Tshilombo, kaka yako ana mikono kweli? Au kalamu inamwogopa?"

Darasa likacheka.

"Amekufa!" Tshilombo akafoka.

Kicheko kikakatika. Mwalimu Kisimba akasimama. "Na ulikaa na jambo hilo peke yako? Inukeni wote. Twende kwa mama yake."

"Tata mwalimu, mama hayuko..." Tshilombo alianza, akimwita baba kwa heshima.

"Nyamaza, mwanangu. Leo tutasema sisi."

Wanafunzi sitini walitembea hadi kambi ya wafanyakazi wakiimba nyimbo za msiba. Tshilombo walimtanguliza, maana mfiwa hutangulia. Mara tatu alifungua mdomo. Mara tatu aliufunga.

Mama yake, Tshibola, alikuwa akitwanga muhogo. Alisikia wimbo, akamwona mtoto wake mbele. Habari za Burma hakuzijua. Alijua mgodi tu.

"Muamba! Mugodi umemula mutoto wangu!"

Alijitupa chini, paji la uso likagonga kinu. Majirani wakaja wakipiga mayowe. Mmoja akashika wembe, akaanza kumnyoa kama mama aliyefiwa. Tshilombo alitazama nywele zikianguka kwenye damu.

Saa kumi Muamba akatokea, mwenye vumbi, mzima. Wanawake wakakimbia. Mama yake akarudi nyuma kwa magoti, akimwogopa.

"Nani amekufa hapa?" Muamba akauliza.

Ndipo Tshilombo akasema yote.

Kwa Wakasai wa kambi ile, watu wa kwao Tshilombo, mtu aliyeliliwa akiwa hai haingii nyumbani mpaka wazee wa ukoo wamwoshe. Wazee walikuwa safarini. Kwa siku tano Muamba alilala kwa majirani, akaenda kazini bila kuonja chakula cha mama yake. Mama hakumpiga Tshilombo. Alimwambia tu, "Uliniona nikinyolewa, ukanyamaza."

Baada ya miezi miwili ikaja habari ya kweli: baba yake Mwenze ameuawa vitani. Mwalimu Kisimba akasema, "Inukeni."

Hakuna aliyeinuka. Nyuma kabisa mtu akanong'ona, "Labda na huyu anatafuta maziwa." Mwenze akasikia. Karatasi ya habari ilikuwa bado mkononi mwake.

Tshilombo akasimama. "Uongo ulikuwa wangu, si wake. Nitukaneni mimi. Yeye tumsindikize."

Akamwendea Mwenze. Mwenze akamtemea mate usoni, akatoka. Tshilombo hakuyafuta. Akamfuata hadi nje, na wengine wakatoka mmoja mmoja, kwa aibu, mpaka darasa likabaki tupu.

Njiani Mwalimu Kisimba akamshika Tshilombo bega. Hakutabasamu.

"Umeona kazi ya uongo? Hukumwumiza mama yako peke yake. Uliwafundisha watu kuyashuku machozi, na leo yatima ndiye ameadhibiwa. Huruma ya watu ni kama maji ya kisima: ukiyachafua, anayekuja nyuma yako na kiu ndiye anayeteseka. Sema kweli mapema, hata ikikuaibisha. Sasa tembea. Kilio cha leo ni cha kweli."